Kwa Nini Tunashona kwa Vyumba

Mimi sikusoma. Maneno haya ni yangu. Kalamu ni ya mjukuu wangu Wambura, ambaye nimemwonya mapema asitie pambo lolote alilofundishwa shuleni. Ninyi mabinti wa kikundi chetu cha hapa Mugumu mnajua kwamba tangu mavuno yaliyopita vidole vyangu havikunjiki tena, na sindano nimeiweka chini. Mliniomba niwaeleze kazi hii ilivyokuwa tulipoanza. Nitaeleza. Habari za malipo na za watu walionisifu nitaziacha, kwa sababu hazimfundishi mtu kushona.

Nitaeleza hasa jambo moja mnalolalamikia nikiwapa kisogo, mkidhani kwamba masikio yangu nayo yamekauka. Mnasema kushona kwa vyumba ni kazi ya polepole. Mnakata kitambaa kimoja, mnakitia pamba, mnakifunga pande zote nne, ndipo mnaruhusiwa kukata kingine. Na wenzenu wa mahali pengine hukata vyote kwa siku moja, blanketi likatoka upesi. Ni kweli hutoka upesi. Sisi nasi tulikuwa tukifanya hivyo.

Nilianza miaka ya hamsini, enzi za Mwingereza, nikiwa msichana ambaye hajaolewa, katika kijiji kimoja cha milimani huko Tarime. Mama yangu alinipeleka kwa Mugesi, mjane aliyesokota nyuzi za katani na kushona mablanketi ya viraka. Mugesi alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, asiyecheka ovyo. Alinitazama mikono, hakunitazama uso.

"Huyu mikono imetulia," mama akasema. "Mdomo ndio bado."

"Mdomo utatulia wenyewe," Mugesi akajibu. "Hapa kuna katani ya kutosha."

Sisemi mkonge wa mashambani, nasema katani ya porini, ile yenye majani yaliyochongoka kama mikuki, inayoota vichakani. Unalikata jani, unalilaza juu ya ubao, unaliparuza kwa bapa la panga butu mpaka nyama ya kijani itoke na nyuzi nyeupe zibaki. Unaziosha, unazianika, kisha unazisokota juu ya paja. Siku yangu ya kwanza niliparuza tangu asubuhi hadi jioni, na utomvu ukanipanda hadi viwikoni. Nilijikuna kama mbuzi mwenye upele. Mugesi alikuwa akijua kwamba majivu huondoa muwasho ule, na kopo la majivu lilikuwa nyuma yake. Alinipa kesho yake. Ndivyo alivyofundisha: kwanza uumie, halafu uelezwe. Mimi nami nimewafundisha hivyo hivyo, na sijaona aliyekufa.

Vyombo vyetu vilikuwa vichache. Sindano ilitengenezwa kwa waya wa mwavuli uliovunjika, ukanolewa juu ya jiwe na kutobolewa tundu kwa msumari uliopashwa moto. Kiganjani tulifunga kipande cha ngozi ya ndama, ili sindano ikisukumwa isitutoboe. Uzi uliopikwa vizuri kwa nta ya nyuki Mugesi aliujaribu kwa kuuning'inizia jiwe la kusagia. Ukikatika, jiwe lilianguka karibu na miguu ya aliyeusokota. Kwa hiyo tulijifunza kusokota vizuri, na pia kuruka.

Kiangazi, wimbi, yaani ulezi, likishaingia ghalani, tulisafiri. Tulikuwa watatu: Mugesi, mimi, na Robi, mwanamke wa makamo aliyekuwa hodari wa kusokota na asiyeweza kunyamaza hata akiwa amebeba mzigo kichwani. Tulishuka milima hadi mto Mara, tukauvuka pale ambapo wachungaji huvusha ng'ombe, baada ya kurusha mawe majini ili mamba wasogee. Kutoka hapo tulikwenda Mugumu, ambayo wakati huo ilikuwa maduka machache na mbwa wengi, kisha tukavuka kijito cha Manchira na kuendelea hadi Machochwe, ukingoni mwa mbuga. Huko usiku wa kiangazi una upepo unaotoka nyikani bila kuzuiwa na kitu chochote, na watu walihitaji blanketi kuliko walivyohitaji habari zetu.

Siku moja askari wa wanyama alitusimamisha njiani. Akafungua mzigo wa Robi, akatoa mafundo ya uzi wa katani, kwa sababu uzi kama huo ndio waliotumia watu wa mitego.

"Mnategea nini kwa kamba hizi?" akauliza.

"Baridi," Mugesi akajibu.

"Na ikinasa?"

Robi akadakia: "Hapo tunakuita wewe, baba, uje uikamate. Si ndiyo kazi yako?"

Alituachia. Nadhani alikuwa na baridi pia.

Sasa sikilizeni namna tulivyofanya kazi, kwa sababu hapo ndipo penye habari. Tulipofika katika nyumba, wenyewe walitutolea nguo zote kuukuu walizokuwa nazo: koti la kaki la mtu aliyerudi kutoka vitani, kaniki zilizochakaa, magunia, mabaki ya blanketi. Hawakuwa na akiba nyingine. Walitupa kile kile walichojifunika. Mugesi alikaa chini akakata vyote siku hiyo hiyo. Kisha tulitandaza tabaka la chini na la juu, tukashona pande tatu, tukaacha upande mmoja wazi. Kwa upande huo tulisukuma pamba ndani kwa fimbo, kidogo kidogo. Mwisho kabisa ilikuwa kazi ya kufunga: kuvuta uzi wa ukingo, kuigawanya pamba isikimbilie kona moja, na kupigilia mishono ya katikati. Kabla ya kufungwa, kitu kile hakikuwa nguo wala hakikuwa blanketi. Mtu akikivuta usiku, pamba yote humwagika.

Kwa hiyo Mugesi alikuwa na sheria. Hatutoki katika nyumba ya mtu blanketi likiwa wazi, kwa maana tumeshawavua. Kulikuwa na mafundi wengine waliowahi kuondoka namna hiyo huko Manchira, na hakuna aliyewakaribisha tena.

Na alikuwa na desturi ya pili. Kazi ya kufunga aliifanya peke yake, ametupa kisogo. Robi alipomwuliza sababu, alisema: "Nikikuonyesha, mwakani utanipitia nyumbani kwa haja gani?" Robi alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu niliona kwamba hakuwa anatania.

Kiangazi changu cha tatu tulifika Machochwe nyumbani kwa mzee Marwa, tumshonee mama yake. Bibi huyo aliitwa Wegesa. Alikuwa mwembamba, na alikohoa kikohozi kinachomkunja mtu. Alitoa nguo zake zote bila kubakiza, na Mugesi akazikata. Wakati tunaondoka nyumbani, Mugesi alikuwa amemwacha binti yake, Gati, akiwa mjamzito kwa mumewe. Alikuwa mtoto wake wa pekee. Mugesi alikuwa ameihesabu miezi mwenyewe, akaona kwamba tutarudi kabla hajajifungua.

Siku ya pili, jua likiwa utosini, kijana mmoja alikuja akasimama kwenye mlango wa zizi, ametugeuzia ubavu. Alikuwa Matiko, mdogo wake mume wa Gati. Vumbi lilikuwa limempanda hadi magotini. Kwetu mkwe na ndugu zake hawamsogelei mama mkwe wala hawamtazami usoni, na mambo ya uzazi hayatajwi mbele yake hata kidogo. Robi akaenda kusimama katikati awe mdomo wa wote wawili, ingawa kila mmoja alimsikia mwenzake bila shida.

"Mwambie mama namwamkia," Matiko akasema, akiitazama nguzo.

"Mwambie nimeitikia," Mugesi akasema. "Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo. Ng'ombe ni wazima. Ila mama anahitajika."

"Robi, mwulize anahitajika na nani."

"Na Gati. Gati yuko ndani tangu juzi."

"Ndani amekaa, au amelala?"

Matiko akajipangusa jasho. "Mambo ya ndani mimi siyajui."

"Shemeji," Robi akasema, "iambie hiyo nguzo vizuri, sisi tutasikia tu. Nguzo haina ukwe na wewe."

Kijana akainamisha kichwa. Akasema kwa sauti ndogo: "Wakunga wako wawili. Wa kwanza ndiye aliyemwita wa pili."

Mkono wa Mugesi ulisimama juu ya kitambaa. Upande mmoja wa blanketi ulikuwa wazi na nusu ya pamba bado ilikuwa kwenye gunia.

Bibi Wegesa ndiye aliyesema kwanza. "Nenda, mwanangu."

"Utajifunika nini usiku, mama?"

"Nilizaliwa kabla ya maduka ya Wahindi. Nilifunikwa ngozi, na sikufa."

"Ngozi iko wapi?"

Bibi akatazama pembeni. "Mbwa waliitafuna," akasema, na kikohozi kikamkunja.

Mimi nikasema: "Mama, nenda na Matiko. Mimi na Robi tutafunga."

"Mtafunga vipi? Hujawahi kuona hata mara moja."

"Ulitupa kisogo," nikajibu.

Hilo ndilo neno pekee la ujeuri nililowahi kumwambia, na halikuwa uongo. Nilidhani atanipa sindano, anieleze kwa maneno machache, kisha ashike njia. Hakunipa. Alimgeukia Robi: "Mwambie kijana anywe maji, atangulie. Akifika aseme niko njiani."

Matiko akaondoka na maneno hayo. Mugesi alikuwa bado amekaa.

Tulisukuma pamba mpaka giza, tukaendelea kwa mwanga wa moto, tukaanza tena kulipopambazuka. Alipofika kwenye kufunga, alinivuta kwa mkono akanikalisha mbele yake. "Tazama," akasema. Nikatazama. Si jambo gumu, kama mnavyojua. Kushinda yote yaliyonisikitisha nyumbani mle, lilinisikitisha hilo: kwamba mtu mwenye mikono iliyotulia angeweza kulielewa kwa muda wa kuchemsha uji. Alimfunika Bibi Wegesa kwa mkono wake mwenyewe, akakagua pembe nne, kisha akatoka nje akaanza kutembea. Hakuaga, hakuchukua chakula. Mimi na Robi tulikusanya vyombo mbio mbio tukamfuata.

Hakusimama Manchira kunywa maji. Alipofika mto Mara aliingia majini bila kungoja mawe, na sisi tukaingia nyuma yake. Robi hakusema kitu chochote njia nzima. Nilikuwa sijawahi kusikia ukimya wake, na niliuogopa kuliko mamba.

Tulifika siku ya pili jua likielekea kuzama, na kilio tulikisikia tukiwa bado tunapanda kilima. Mama yake mume wa Gati alikuja kutupokea langoni, kanga yake imefungwa kiunoni.

"Lini?" Mugesi akauliza.

"Jua lilipopinduka."

Yule mama hakuwa mkatili. Alisema tu yaliyokuwepo. "Mtoto alitoka salama, ni wa kike. Homa ikamshika mama yake baadaye. Matiko aliporudi alituambia kwamba uko njiani, tukamwambia Gati. Alifurahi. Tangu asubuhi alikuwa akitutajia ulipofika. Sasa mama anavuka mto. Sasa mama anapanda. Mchana akasema, sasa mama yuko hapo kwenye mawe ya langoni, mkamfungulie."

Mugesi aliketi chini pale pale langoni. Hakupiga yowe. Baada ya muda aliuliza kama mtoto amefunikwa kwa kitu gani. Wakamwambia, kwa kipande cha gunia.

Nimeona watu wengi wakiomboleza. Mwingine hulia, mwingine hugombana. Mugesi, wanawake wakiwa bado wameketi katika msiba, aliomba kaniki ya Gati, akakata kipande kimoja tu, upana wa mkono mmoja kila upande. Baadhi ya wanawake walinong'ona kwamba nguo ya marehemu haikatwi kabla ya siku za msiba kwisha. Alichukua pamba kidogo iliyosalia kwenye mzigo wetu, akaitia, akafunga pande zote, akapigilia mishono ya katikati. Kilitoka kama mto mwembamba. Akamfunika mtoto, na kilimtosha.

Hicho ndicho chumba cha kwanza. Hakukifikiria kama njia mpya ya kazi. Alikuwa na mtoto wa kumfunika, na hakuweza kukata kitambaa cha pili.

Mtoto alipewa jina la mama yake. Alilelewa na Mugesi kwa maziwa ya ng'ombe na uji mwepesi wa wimbi, na mwili ulipozidi urefu wa kile kipande, Mugesi alikata kipande kingine, akakifunga, akakiunganisha na cha kwanza. Robi, ambaye maneno yalikuwa yamemrudia, alisema blanketi la Gati ni kama boma la mtu mwenye bahati, kila mwaka linaongezwa nyumba. Tukaanza kuviita vyumba.

Kiangazi kilichofuata tulirudi Machochwe, mtoto akiwa mgongoni mwa Mugesi. Habari za msiba wetu zilikuwa zimetutangulia. Bibi Wegesa alikuwa hai, lakini kitandani kwake hapakuwa na blanketi. Alikuwa amejifunika gunia. Mugesi akauliza liko wapi. Bibi akasema limechakaa. Blanketi letu halichakai kwa mwaka mmoja. Mugesi akalitafuta, akalikuta limekunjwa ndani ya kapu la mtama, jipya kama tulivyoliacha. Bibi alikuwa ameona aibu kukutwa amelala chini yake. Mugesi alilitandaza, akalikagua pembe, akamfunika.

"Lala, mama," akasema. "Lilishafungwa."

Siku hiyo hiyo, pale pale uani, alitupa sheria mnayoilalamikia. Hakuna kukata nguo ya pili ya mtu kabla ya kufunga ya kwanza, ili mtu akiitwa, aweze kuinuka na kuondoka wakati wowote, na nyumba anayoiacha isibaki uchi. Na kila anayeshika sindano ataanza kwa kujifunza kufunga, si kukata. Ndiyo maana binti akija kwetu siku ya kwanza nampa ukingo, na mkasi namficha. Mlidhani ninaogopa aharibu kitambaa.

Tulifanya kazi hivyo viangazi vilivyofuata. Ilikuwa polepole, na nyumba nyingine zilituchoka zikaita mafundi wengine. Mugesi hakuwafuata kuwabembeleza. Mtoto alikuwa akitembea nasi. Alijua kuokota nyuzi zilizoanguka na kuzipanga kwa rangi, na alimjibu Robi utani kwa utani. Robi akimwuliza, "Wewe bibi kizee, utaolewa lini?" alijibu, "Ukishanyamaza."

Blanketi lake lilifika vyumba sita. Cha kwanza kaniki ya mama yake, cha pili kaki ya jeshi, cha tatu gunia la sukari lililofuliwa mpaka likawa jeupe, na vingine vitatu vya mabaki ya cherehani ya fundi wa Tarime. Kwa chumba cha saba Mugesi alinunua dukani kitambaa chekundu, kipya, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa ajili ya mtu yeyote, hata kwa nafsi yake. Alikiweka kingoje kiangazi. Mvua za masika zilipokuja, surua iliingia kijijini. Watoto wa nyumba nyingi waliugua, wengine wakapona.

Gati hakupona.

Mugesi aliendelea na kazi miaka mingine mingi, na mikono yake haikutetemeka. Mnataka kujua kama alibadilika. Alikuwa mkali zaidi, basi. Alipoona macho yamemwishia alinikabidhi sindano yake ya waya wa mwavuli na lile blanketi, na ndani ya blanketi kitambaa chekundu kimekunjwa, hakijakatwa. Hakuniambia nifanye nini navyo. Nimevitunza tangu wakati huo.

Wambura, akiandika hapa, amesimamisha kalamu na kuniuliza kama nitamruhusu akate kile chekundu, akifunge, akamilishe chumba cha saba. Nimemkatalia. Hakuna kitu pale kinachongoja kukamilishwa. Mugesi alikifunga kila chumba alipokifikia, na blanketi lile, lilivyo, halimwagi pamba.

Liko ndani ya kikapu nyuma ya mlango wangu. Binti yeyote anayeona kwamba kushona kwa vyumba ni kazi ya polepole, aje alitoe, alitandaze magotini mwake, alikague pembe zote nne, kisha alirudishe lilipokuwa.